Sarkoidosisi ya jicho: fundi wa nakshi nilivyoliokoa jicho langu Lamu

Kama jicho lako ni jekundu, linauma kwa ndani, halitoi tongotongo na halitaki mwanga, usikubali kuuziwa dawa na mtu ambaye hajalitazama kwa ile mashine ya kuwekea kidevu. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonitesa, na kwa sababu hapa Lamu bado nawasikia watu wakipeana ushauri uleule niliopewa mimi.

Mimi ni fundi wa nakshi. Nachonga milango na masanduku, na kutwa nzima uso wangu uko shubiri moja au mbili kutoka kwenye ubao. Mwanzo wa mwaka 2024, pwani ilipokuwa ikihangaika na ugonjwa wa macho mekundu, jicho langu la kushoto nalo likaiva. Basi, hakuna aliyeuliza zaidi. Watu walinikwepa kwenye vichochoro na kunipa dawa kwa mbali. Osha kwa maji ya chumvi. Tia maji ya waridi. Jirani akaleta maziwa ya mzazi kwenye kikombe cha kahawa, kwa nia njema kabisa, nami nikamshukuru nikayamwaga, kwa sababu kidonda cha jicho hakitaki kitu kilichokaa kikombeni. Ami yangu, ambaye ndiye aliyenifundisha kazi, alishikilia kwamba ni vumbi la mbambakofi.

Vumbi la mbao nalijua tangu utotoni. Linawasha, linatoa machozi, ukiosha linakwisha. Hili lilikuwa jambo jingine. Maumivu yalipwita nyuma ya jicho na kupanda kwenye nyusi, usiku yakazidi, na mke wangu akiwasha taa ya simu chumbani nilikuwa nageukia ukutani. Macho mekundu ya kuambukizana huanza kwa jicho moja, kesho yakahamia la pili, na asubuhi kope zimegandana kwa tongotongo. Langu lilikuwa moja tu, halina uchafu, na wekundu wenyewe haukutapakaa: ulijikusanya kuuzunguka ule mduara mweusi. Tofauti hiyo mtu yeyote anaweza kuiona kwenye kioo. Laiti kungekuwa na mmoja aliyenieleza mapema.

Mwenye duka la dawa aliniuzia matone yaliyochanganya kiuavijasumu na steroidi. "Tia siku chache, fundi, ukipona acha." Nilitia. Nikapona! Naam, nilipona kabisa, nikarudi karakanani, nikamaliza mwimo wa mlango uliokuwa ukinisubiri, nikawaambia watu kwamba dawa ile ni kiboko. Nilipoacha kama nilivyoambiwa, haukupita muda jicho likarudi na hasira maradufu. Safari hii likaja na ukungu, na vijitu vyeusi vinavyoelea kila nikitazama mbingu. Nikarudishwa kwenye matone yaleyale, nikatulia, nikaacha, likarudi tena.

Sasa najua kilichokuwa kikitendeka, na kinaniudhi mpaka leo. Steroidi huzima uvimbe wa ndani ya jicho, lakini lazima ipewe kwa wingi mwanzoni halafu ipunguzwe polepole kwa wiki nyingi. Ukiipa kidogo ukaikata ghafla, uvimbe hupumua na kuendelea. Tena steroidi hiyohiyo, jicho likiwa na kidonda cha virusi, inaweza kulitoboa, na kwa baadhi ya watu hupandisha presha ya ndani ya jicho bila dalili yoyote. Dawa ya namna hiyo inauzwa bila mtu hata kukufungua kope!

Aliyenitoa Lamu ni mke wangu. Asubuhi moja alinishika kidevu mlangoni penye mwanga, akatazama, akasema, "Bwana, mboni yako imeota pembe." Nikachukua kioo. Kweli, mboni ya kulia duara, ya kushoto ina kona. Siku iliyofuata nilikuwa kwenye boti ya Mokowe, ng'ambo ya bara yaliko mabasi, kabla jua halijatoka.

Safari ya basi mpaka Mombasa siielezi, kila mtu wa Lamu anaijua. Ila kwa mwenye jicho linalochukia mwanga: keti upande usio wa bahari, kwenda na kurudi, kwa sababu mabasi huondoka asubuhi na jua la asubuhi hutokea baharini. Na uchukue kikoi cha rangi nzito, si leso nyeupe. Nyeupe inapitisha mwanga wote.

Daktari wa macho, kabla hata ya mashine, alifanya kitu ambacho sitakisahau. Alinifunika jicho bovu kwa kiganja, akamulika kurunzi kwenye jicho zima. Jicho bovu, lililofunikwa gizani, likauma. Nikaruka kitini. Akaeleza kwamba mboni mbili hufanya kazi pamoja: ukimulika moja, zote mbili hujikaza. Kama ile iliyofunikwa inauma ikijikaza, basi ugonjwa uko ndani, kwenye misuli ya mboni yenyewe, si juu kwenye ngozi ya jicho. Jaribio la sekunde chache, kwa kurunzi ya bei rahisi, na wote niliowapitia hakuna aliyelifanya.

Kisha mashine. Nilipoweka kidevu akaniambia kuwa maji ya mbele ya jicho yamejaa chembe zinazoelea, na nyuma ya kioo cha jicho kuna madoa mazito, kama matone ya mafuta ya kondoo yaliyoganda. Mboni ilikuwa na pembe kwa sababu imeshikana na lenzi iliyo nyuma yake. Uvimbe huu unaitwa uveitisi. Akatia matone ya kupanua mboni ili aone nyuma, na huko pia akakuta vijidonge vya uvimbe.

Nilidhani ataniandikia dawa nirudi. Badala yake akaanza kuniuliza mambo yasiyohusu jicho. Unachoka? Unakohoa?

"Nakohoa, daktari, lakini ni vumbi la mbao."

"Nani alikupima akasema ni vumbi?"

Sikuwa na jibu. Akaomba mikono yangu. Fundi wa nakshi hakosi makovu, na mimi nina moja refu chini ya kidole gumba cha kushoto, la patasi iliyoteleza zamani nikiwa mwanagenzi. Kovu hilo lilikuwa limelala miaka yote, jeupe na bapa. Miezi ya karibuni lilikuwa limeinuka, limekuwa jekundu na gumu kidogo, nami sikulijali kwa sababu halikuwa likiuma. Daktari alilipapasa muda mrefu kuliko alivyolitazama jicho. Akaniambia kuna ugonjwa unaopenda kufufuka kwenye makovu ya zamani, na huohuo hupenda mapafu, na huohuo hupenda macho. Nikatoka pale na karatasi ya kupiga picha ya kifua.

Picha ilionyesha tezi zimevimba pande zote mbili, pale mapafu yanapoanzia. Hapo ndipo nilipokaribia kupotezwa mara ya pili. Zahanati moja niliyoipelekea picha hiyo ilitaka kunianzishia dawa za kifua kikuu siku hiyohiyo. Kifua kikuu ni cha kweli na kipo kwetu, na mwenye kikohozi, picha kama ile na jicho bovu lazima apimwe kwa makini. Lakini kupimwa ni jambo moja na kumezeshwa dawa miezi 6 kwa kukisia ni jingine. Nikamwambia yule kijana wa zahanati, kwa heshima, kwamba nitameza nikionyeshwa kijidudu. Makohozi yakapimwa kwa GeneXpert, mashine ya kutambua vijidudu vya kifua kikuu, hakuna kitu. Damu ikapimwa virusi vya UKIMWI na kaswende, kwa sababu kaswende nayo huingia machoni. Hakuna. Vipimo hivi msivione aibu. Daktari akikupa steroidi za kumeza na wewe una kifua kikuu kilichojificha, atakuwa amekifungulia mlango.

Ushahidi ulitoka kwenye kovu. Walinikata kipande kidogo sana kwa ganzi, gharama yake ilikaribia bei ya sanduku dogo la mkono, na majibu yakachukua muda. Kwenye kioo cha kupimia wakaona vinundu vya chembe za kinga zilizorundikana bila kuoza katikati. Vya kifua kikuu kwa kawaida huoza katikati. Vya kwangu vilikuwa safi. Sarkoidosisi.

Ukiupeleleza ugonjwa huu utachoka. Caesar Boeck wa Norwei alivieleza vinundu vyake vya ngozi mwaka 1899, na mpaka leo chanzo hakijapatikana. Kinga ya mwili inajikusanya na kupigana mahali pasipo na adui anayeonekana. Hauambukizi, na hilo nililisema nyumbani siku ya kwanza, kwa sababu shangazi alikuwa ameanza kunitengea kikombe. Si saratani. Wengi hupata kwenye mapafu na tezi, na kati ya robo na nusu hivi ya wagonjwa huguswa macho. Wengine jicho ndilo linaloanza kupiga kelele, mwili mzima bado uko kimya. Kwangu pia jicho ndilo lililopiga kelele, kikohozi na kovu nilikuwa nikivipuuza.

Sasa dawa. Matone ya prednisolone, ambayo ni steroidi, kila saa nikiwa macho. Matone ya atropine kulegeza mboni, na vidonge vya prednisolone kwa sababu uvimbe ulikuwa umefika nyuma. Na Ramadhani ilikuwa imeingia.

Watu wakaanza upya. Huwezi kufunga na huku unatia dawa kila saa. Au: acha dawa, Mungu atakuponya kwa baraka za mwezi. Nikamwendea maalim wangu. Akanijibu bila kusita kwamba kwa madhehebu yetu ya Shafi dawa ya jicho haibatilishi saumu, hata ukihisi uchungu wake kooni, kwa kuwa jicho si tundu lililo wazi la kuingilia ndani. Na vidonge, daktari alikwisha sema vimezwe asubuhi pamoja na chakula, mara moja kwa siku, kwa hiyo nikavimeza kwenye daku. Maalim aliongeza kwamba nikidhoofika nifungue, kwani mgonjwa ana ruhusa yake. Kabla sijaanza vidonge daktari alinipima sukari, kwa sababu dawa hii huipandisha. Mwenye kisukari asijipangie mwenyewe.

Uchungu wa kooni una dawa yake pia. Ukishatia tone, fumba jicho bila kulikaza, bonyeza kwa kidole ile kona ya karibu na pua, ukae dakika moja au mbili. Pale kuna kijitundu kinachoshusha machozi puani. Ukikiziba, dawa inabaki jichoni ilikokusudiwa na kooni hakuji kitu. Na tone ni moja. Jicho halina nafasi ya mawili. La pili linatiririka shavuni pamoja na pesa yako.

Kichupa cha prednisolone lazima ukitikise sawasawa. Dawa yake ni unga ulio ndani ya maji, ukikiacha kimesimama unga unatua chini, na wewe unatia maji matupu siku nzima ukidhani unajitibu. Nilimkuta mzee mmoja hospitalini ambaye jicho lake lilikataa kupona, na nilipomuuliza kama anatikisa alinishangaa. Hakuna aliyemwambia.

Halafu joto. Karakana yangu ina paa la mabati, na mwezi wa Machi wa Lamu mnaujua. Dawa ile inatakiwa isipate joto kali, lakini pia isigande, na friji ya nyumbani umeme ukikatika huwa sanduku tu. Hapa najivunia. Nilichukua gilasi kavu ya chai yenye mdomo mpana, nikatia kichupa ndani, nikafunika kwa kifuniko cha bati, nikaisimamisha ndani ya mtungi wa udongo wenye maji ya kiasi tu, yasifike mdomo wa gilasi. Mtungi nikauweka kichochoroni penye upepo. Maji yanayotoka jasho kwenye udongo ndiyo yanayopoza. Kichupa kilikaa kikavu na baridi mchana kutwa. Mwanafunzi wangu, mtoto mwerevu, alichora chaki mistari ukutani juu ya mtungi, mmoja kwa kila saa, na kila nikitia tone anaufuta. Simu ilikuwa ikilia pia, lakini simu mtu unaizima ukaendelea kuchonga. Mstari uliobaki ukutani unakudai.

Atropine ilinivunja moyo kidogo. Mboni ilipanuka, ile pembe ikaachana na lenzi ikawa duara tena, maumivu yakashuka. Hapo nilimshukuru Mungu kwa sauti. Lakini kwa muda huo jicho halioni karibu kabisa. Nakshi ndogo haikuwezekana. Nikachukua kazi za kupasua na kupiga randa mbao, nikamwachia ami michoro. Aliifanya bila malipo, na kwa hilo sitamsema tena kuhusu vumbi.

Vidonge vinakutia njaa, vinakunyima usingizi, uso unajaa. Vumilia, na usivikate ghafla kwa vyovyote vile. Mwili ukizoea kupewa steroidi huacha kutengeneza yake, na ukikata siku moja unaweza kuanguka. Punguza kama ulivyoandikiwa.

Kuna rafiki aliyeniletea chupa kubwa ya vidonge vya kalsiamu na vitamini D, kwa sababu alisikia steroidi hula mifupa. Ni kweli hula. Ila kwa mwenye sarkoidosisi, vinundu vyenyewe hutengeneza vitamini D iliyo kali, na kalsiamu ya damu inaweza kupanda mpaka figo zikaumia. Pima kalsiamu kwanza. Ya kwangu ilikuwa juu kidogo, nikamrudishia chupa yake.

Kila mara nikienda, wanapima presha ya jicho. Ya kawaida ni kati ya 10 na 21, kwa milimita za zebaki. Yangu ilipanda kupita hapo wakati wa matone ya kila saa, wakaongeza dawa ya kuishusha, ikashuka. Sikuhisi chochote. Ndiyo maana mtu asijinunulie kichupa cha pili kwa kuwa cha kwanza kilimfaa.

Nyumbani nina kipimo changu. Mlango wa kisima wa nyumba ya mama una mnyororo mwembamba uliochongwa ukingoni, kazi ya fundi wa zamani. Kila asubuhi baada ya sala ya alfajiri, kukipambazuka, nasimama kwenye ngazi ileile, nafunika jicho la kulia, nahesabu pete za mnyororo kwa la kushoto. Pete zikianza kuungana, napiga simu hospitali siku hiyohiyo bila kungoja wekundu. Njia hii iliniambia kuwa ugonjwa umerudi wakati vidonge vilipokuwa vimepunguzwa sana, kabla maumivu hayajaanza. Daktari alipotazama akakuta chembe chache tu. Uvimbe uliokamatwa mapema hivyo ulizimwa upesi.

Kwa kuwa ulirudi, daktari akaniongezea methotrexate, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, ili nisitegemee steroidi. Hii ni dawa ya mara moja kwa wiki. Narudia, kwa wiki. Nilipokwenda kununua, aliyenihudumia alinifungia vidonge kwenye bahasha akaandika kwa kalamu: kutwa mara moja. Nilisimama palepale kaunta nikamwambia abadilishe. Akasema vidonge vyote vinamezwa kila siku. Nikampigia daktari, nikampa simu azungumze naye, na sura yake ikabadilika. Methotrexate ikimezwa kila siku huua uboho wa mifupa, na watu wamekufa kwa kosa hilo katika nchi nyingi. Mke wangu akaandika kwa herufi kubwa kwenye kopo: JUMAMOSI TU. Asidi ya foliki, vitamini ya kupunguza madhara yake, naimeza siku nyingine, damu na ini hupimwa mara kwa mara, na miezi ilipita kabla sijaona faida yake. Kwa hiyo asikukatishe tamaa mtu atakayesema haifanyi kazi.

Niliomba pia kipimo cha umeme wa moyo, kwa sababu sarkoidosisi inaweza kuingia moyoni. Kilitoka salama. Kikohozi kimepungua, tezi zimenywea kwenye picha ya pili, kovu limelala tena. Picha za kifua nimezihifadhi zote chini ya godoro, zimenyooka, na nakwenda nazo kila safari, maana daktari mgeni anayeona picha ya zamani na mpya kwa pamoja hana haja ya kukisia kifua kikuu upya.

Nimerudi kwenye nakshi ndogo. Jicho la kushoto lina mtoto wa jicho anayeanza, kwa sababu ya uvimbe na steroidi pamoja. Daktari hataligusa mpaka litulie bila uvimbe kwa angalau miezi 3 mfululizo, kwani kupasua jicho lenye moto ni kuuchochea. Pesa za upasuaji nimeanza kuziweka kando, kidogo kidogo, kila mlango ukiuzwa.